Benchi la Ukutani

Mwanasha alikuwa akimenya muhogo wa chai ya asubuhi. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, sasa imetulia kidogo. Mumewe, Chirau, alikaa ukumbini akinoa panga. Binti yao, Mwanamkuu, alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa amekwisha kuvaa sare yake ya shule.

"Mama," alisema Mwanamkuu, "leo nitatia mkono mzima."

"Mkono wapi?"

"Kwenye ufa wa ukuta wa darasa. Tulipofungua shule nilitia penseli. Juma lililopita nilitia kidole. Jana vidole vitatu vilipita."

Mwanasha aliacha kumenya.

"Wewe wakaa wapi darasani?"

"Benchi la ukutani. Mimi na wenzangu watano."

"Na huo ukuta umesimama?"

"Umesimama, lakini waegemea kwetu. Mvua ikinyesha, wasema."

"Wasema nini?"

"Krr. Kama panya aguguna."

Mwanasha alimtazama mumewe. Chirau aliinama zaidi juu ya panga. Hakuinua kichwa.

"Baba Mwanamkuu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Nenda basi ukaseme na Mwalimu Mkuu."

"Ile ni mali ya serikali," alisema Chirau. "Mali ya serikali haiguswi."

"Sikukwambia uiguse. Nimekwambia ukaseme."

"Kusema ndiko kugusa kwenyewe."

Alichukua panga lake akatoka. Hakufuata barabara. Alipita nyuma ya choo, akaingia kwenye vichaka.

Mwaka ulikuwa 1967. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu na ushei. Kijiji chao, Mkwambani, kilikuwa kati ya Msambweni na Bodo. Chirau alikuwa mkwezi wa minazi. Alipanda mnazi mrefu kuliko nyumba nne, upepo ukimyumbisha huko juu, naye akiimba. Hakuna aliyewahi kumwona akiogopa. Lakini Mwanasha alijua jambo moja. Njia ya kwenda mashambani ilipita mbele ya shule, na miaka mitano Chirau hakuipita. Alizunguka mikokoni. Alirudi na matope mpaka magotini.

Siku hiyo Mwanasha alijifunga leso mbili, akaenda shuleni mwenyewe.

Alichungulia dirisha la darasa la tatu. Ukuta ulijengwa kwa mawe na udongo, ukapakwa chokaa. Ufa ulianza chini, ukapanda kama tawi mpaka kwenye mabati. Ukuta ulikuwa umetoka tumbo. Chini ya tumbo lile walikaa watoto sita, wakisoma kwa sauti. Mwanamkuu alikuwa wa pili. Mchanga mwembamba ulimwagika juu ya nywele zake. Aliupangusa bila kutazama, kwa mazoea.

Mwanasha alishika ukingo wa dirisha akawahesabu wote sita.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Kalama, alimkuta pale dirishani. Alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka upande wa Malindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Najua ulichokiona."

"Wajua, na watoto wamekaa?"

Mwalimu Kalama alishusha sauti. "Niwapeleke wapi? Madarasa mengine yamejaa. Nikiwatoa nje, wanyeshewa. Nikilifunga darasa kwa amri yangu, nitaulizwa nani alinipa ruhusa. Nimeandika ofisi ya elimu mara tatu. Wanijibu neno lile lile: lete azimio la kamati ya shule."

"Basi iambie kamati."

"Mama, kamati ni mumeo."

Mwanasha alicheka. "Mume wangu ni mkwezi."

"Ni mkwezi, na ni mjumbe wa kamati ya shule hii tangu mwaka wa sitini na mbili. Nimempelekea barua saba. Nikienda kwenu, nawe uko kisimani, mtoto aniambia ametoka sasa hivi, na uji wake wafuka moshi mezani."

Mwanasha aliacha kucheka.

Tusiwacheke watu hawa. Mwalimu aliiogopa ofisi. Wajumbe waliiogopa shule. Wazazi waliwaogopa wote. Katika shule ile vitabu havikutosha, madawati hayakutosha, walimu hawakutosha. Hofu peke yake ilitosha. Kila mtu alipata fungu lake. Na wale wanaosema watu wa pwani hawapendi masomo, waje waseme maneno hayo wakiwa wamekaa kwenye benchi lile.

Alasiri Chirau aliporudi, Mwanasha alimngoja mlangoni.

"Wewe ni kamati?"

Chirau aliweka panga chini. Akakaa juu ya kizingiti kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nani amekwambia?"

"Yule unayemkimbia ukaacha uji wafuka moshi."

Chirau aliinuka akaingia ndani. Kisha alipanda juu ya kitanda, akaingiza mkono kwenye makuti ya paa. Alitoa mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na barua saba. Hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Wamkumbuka marehemu baba?" aliuliza. "Wakati wa Mzungu alitiwa wino kidoleni. Aliambiwa ni karatasi ya kodi. Akaweka dole gumba. Baada ya miaka miwili alikuja mtu na mnyororo wa kupimia. Minazi yetu ikawa si yetu. Tukahama na vyungu kichwani. Mimi nilibeba kuku."

"Nakumbuka ulivyonihadithia."

"Basi. Mwaka wa sitini na mbili palikuwa na mkutano shuleni. Tuliitwa wanaume tisa mbele. Bwana Athmani, mwenyekiti, akasema, 'Ninyi tisa mnachukua dhamana ya shule hii. Wekeni vidole.' Watu wote walikuwa wanatazama. Nikaweka."

"Na kosa liko wapi?"

"Mwanasha, mwezi ule ule ndugu yako Kombe alishikwa, akapelekwa kortini. Ami yake akamchukulia dhamana. Kombe akatoroka. Ni nani aliyeulizwa? Ni ami. Nyumba ya nani iliyotiwa alama ya mnada? Ya ami. Hiyo ndiyo dhamana. Mimi nimeichukulia shule. Ukuta ukianguka, watakuja na ile karatasi. Watauliza mwenye kidole hiki ni nani."

Aliinua dole gumba lake akalitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hiyo wajificha."

"Najificha. Mtu akiisahau karatasi, nayo huenda ikamsahau."

"Karatasi haikusahau," alisema Mwanasha. "Mwanao ndiye uliyemsahau."

Alichukua barua ya juu akaifungua. Chirau alitaka kumzuia, kisha akaacha. Mwanasha alikuwa na miezi mitano katika darasa la ngumbaru, masomo ya watu wazima. Hakuwahi kusoma barua ya kweli. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Ndu-gu. Ndugu. M-jum-be. Mjumbe. U-na... una-ali-kwa. Unaalikwa." Jasho lilimtoka. "Unaalikwa mku-ta-no-ni. Baba Mwanamkuu, hii si barua ya kukushika. Hii ni barua ya kukualika."

"Zote?"

"Ngoja. Nasoma polepole."

Siku ya pili walikwenda zahanati. Darasa la ngumbaru lilifanyika barazani pale, saa tisa. Mwalimu wake alikuwa Bi Rispah, mwanamke wa bara aliyeolewa na dereva wa zahanati. Watu walimtania kwa Kiswahili chake. Yeye naye aliwatania.

"Huyo mzee amesimama huko nje ni wa nani?" aliuliza Bi Rispah. "Mwambie aingie, hapa hatudungi sindano."

"Ni mume wangu. Aogopa karatasi."

"Basi amekuja kwa daktari wake."

Chirau aliingia, akasalimia, akakaa karibu na mlango. Mwanasha alieleza yote. Bi Rispah hakucheka. Alisoma barua zote saba, kisha akazipanga mezani.

"Mzee Chirau, nisikize. Mimi kwetu baba yangu alikuwa kwa kamati kama hii. Serikali inaleta mwalimu na mshahara wake. Lakini serikali iko mbali, haioni ufa. Kamati iko hapa, inaona. Kazi ya kamati ni kuangalia na kusema. Jengo liko salama? Mwalimu anafika kazini? Vitabu viko mikononi mwa watoto? Kamati ikikutana, inaandika ilichokubaliana. Hilo ndilo azimio. Linapelekwa ofisini. Ofisi ikipata barua ya mwalimu peke yake, inaona ni malalamiko ya mtu mmoja. Ikipata azimio, imeona kijiji kizima kimesimama mlangoni."

"Na ukuta ukianguka, sishikwi?"

"Kwa kuwa mjumbe? Hapana. Shamba lako haliko kwa hiyo karatasi."

"Lakini ni dhamana. Nilisikia kwa masikio yangu."

Bi Rispah alikuna kichwa. "Sasa hapo Kiswahili chenu kinanishinda. Dhamana ya korti ni kumsimamia mtu ili atolewe. Hii nyingine ni... mtu anakupa kitu chake ukiangalie."

"Jirani asafiri akuachie mbuzi wake," alisema Mwanasha.

"Ndiyo."

"Hiyo ni amana." Mwanasha alimgeukia mumewe. "Ni amana, Baba Mwanamkuu. Hukumchukulia mtu dhamana. Uliachiwa watoto uwaangalie. Nawe ukaenda kujificha mikokoni."

Chirau alifunika uso kwa mikono.

"Wajumbe tulikuwa tisa," alisema mwishowe. "Watatu wamekufa. Mmoja alihamia Tanga. Tumebaki watano."

"Watano wanatosha kukata shauri," alisema Bi Rispah. "Wanne hawatoshi. Na nafasi zilizo wazi, wazazi wakikutana wanaweza kuzijaza. Hata na wanawake. Mwalimu Kalama anazo kanuni, mwombe awasomee."

Kesho yake mvua ilikuja kubwa. Mwanasha alimzuia Mwanamkuu nyumbani. Mtoto alilia.

"Mama, ukinitoa mimi, Mwalimu atamweka mwingine. Benchi halikai tupu. Darasa limejaa."

"Atamweka nani?"

"Asiya wa Bwana Mwero. Yeye hukaa chini."

Mwanasha alisimama na sufuria mkononi. Bwana Mwero alikuwa mmoja wa wale watano. Alikuwa ameapa hataki kusikia habari za kamati.

Yeye na Chirau walimkuta Mwero akishona wavu chini ya ukingo wa paa lake.

"Karibuni. Kama ni habari za shule, kwaherini."

"Si habari za shule," alisema Mwanasha. "Ni habari za Asiya. Leo nimemzuia mwanangu nyumbani. Mwanao ndiye amekaa pahali pake, chini ya ukuta. Mvua nayo waisikia."

Sindano ya kushonea ilimtoka Mwero mkononi. Alitazama mvua. Hakuuliza tena chochote. Aliingia ndani akatafuta viatu, akatoka na kimoja tu.

"Twendeni," alisema.

"Na kiatu?"

"Kiatu kitanifuata."

Mwero alisimama nje ya dirisha la darasa la tatu, mvua ikimnyeshea, mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Mjumbe mwingine, Ngala, alikubali siku hiyo hiyo. Wa nne, mzee aliyeitwa Waziri, alikubali kesho yake, kwa sharti aletewe kiti kwa ajili ya mgongo. Wa tano alikuwa mwenyekiti, Bwana Athmani.

Bwana Athmani alinunua mbata, nazi zilizokaushwa. Alikuwa mwenyekiti tangu kabla ya uhuru. Sanduku la vitabu vya shule lilikaa katika ghala lake, kwa usalama, alisema. Watoto walipogawiwa kitabu, kilinuka mbata. Vingine vilikuwa vumbi la mchwa. Hakuna aliyeuliza.

"Nikiona haja ya mkutano, nitauita," aliwaambia. "Mambo ya serikali yataka utulivu."

Lakini Mwalimu Kalama aliwasomea kanuni, na kanuni zilisema wajumbe watatu wakiomba mkutano, mkutano huitwa. Mara hii mwalimu naye hakutaka kuogopa peke yake. Alituma taarifa kwa wazazi wote: Jumamosi, saa nne, darasa la tatu. Mwanasha ndiye aliyeomba iwe darasa lile.

Jumamosi watu walijaa. Waliingia, wakautazama ukuta, wakasogea upande wa pili. Walisongamana dirishani na mlangoni kama samaki kikapuni. Wanaume walisimama juu ya miguu ya wenzao. Benchi la ukutani lilibaki tupu.

Bwana Athmani alifika na mwavuli wake.

"Nani ameita mkutano?"

Chirau aliinua mkono.

"Mimi," alisema Chirau. Sauti ilitoka ndogo.

"Wewe mkwezi?"

"Mimi mjumbe."

Mtu mmoja alikohoa. Mwero alinyoosha mkono kuelekea kwenye benchi. "Mwenyekiti, karibu ukae. Pale pana nafasi."

Bwana Athmani alilitazama benchi. Aliutazama ukuta. Mchanga ulidondoka, ukasikika. "Hapa nasikia vizuri," alisema.

"Wewe wasikia vizuri," alisema Mwero. "Nasi twaona vizuri kwa nini hukai."

Watu walicheka, lakini kicheko kilikatika haraka. Mwanasha alikuwa ametoka kwenye kundi. Alivuka darasa akaenda kukaa kwenye benchi lile, pahali pa pili. Ukuta ulikuwa karibu na sikio lake. Aliusikia. Krr.

"Naogopa," aliwaambia. "Naogopa kuliko siku yoyote. Nimekaa kwa kitambo kidogo tu. Watoto wenu hukaa hapa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, siku tano. Wamezoea. Mwanangu apangusa mchanga kichwani kama apangusa jasho. Mmesema hii ni mali ya serikali. Serikali haina mtoto katika darasa hili. Ninyi mnao."

Chirau naye alitoka kwenye kundi. Mkwezi yule, asiyeogopa mnazi wowote, alitembea hatua saba bila kuondoa jicho ukutani. Alimshika mkewe mkono akamwinua. Kisha alilikamata benchi upande mmoja. Ngala alilikamata upande wa pili. Wakalivuta mpaka katikati ya chumba.

"Sisi ndio kamati," alisema Chirau. "Nasema mtoto asirudi ndani ya chumba hiki. Nani akubali?"

Mikono iliinuka, na wa Bwana Athmani mwishowe.

"Sikuwaita miaka yote hii," Bwana Athmani alisema polepole, "kwa sababu nilidhani mkija mtaniuliza vitabu."

"Twauliza sasa," alisema mzee Waziri kutoka kitini pake.

Bwana Athmani alitoa ufunguo wa ghala, akaukabidhi kwa Mwalimu Kalama mbele ya watu. Wazazi wakajaza nafasi nne zilizo wazi. Mwanasha alichaguliwa wa kwanza. Azimio likaandikwa, likasomwa mara mbili, kila mtu akalielewa kabla ya kulitia kidole. Jumapili wanaume walisimamisha nguzo, wanawake wakashona makuti. Jioni palikuwa na banda uwanjani, mbali na ukuta. Madawati na ubao vilihamishwa. Benchi lile la ukutani lililegea mguu. Likaachwa ndani, wakasema litatengenezwa baadaye. Wakalirudisha pembeni, pahali pake pa zamani.

Jumanne, saa nne ya asubuhi, Chirau alikuwa juu ya mnazi. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Alisikia kishindo. Kilipita katika mnazi, kikamfikia miguuni. Alitazama upande wa shule, akaona vumbi jeupe lapanda katikati ya mvua.

Alijua watoto wako bandani. Alilijenga banda lile kwa mikono yake. Lakini mwili haukujua. Aliteremka kwa kuteleza, akachubuka kifua chote. Akakimbia. Hakuzunguka mikokoni. Alishika barabara ya shule, ile aliyoikimbia miaka mitano, na njia nzima alilitaja jina la mtoto wake.

Watoto walikuwa wamesimama bandani, kimya, wanatazama. Mwalimu alikuwa akiwahesabu. Chirau naye alianza kuwahesabu wale sita wa benchi la ukutani. Alimwona mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine. Wa tano. Hakumwona wa sita.

"Baba," alisema Mwanamkuu nyuma yake, "wavuja damu."

Alikaa chini matopeni.

Darasa lilikuwa wazi upande mmoja. Mawe yalijaa mpaka katikati ya chumba. Kutoka chini ya mawe kilionekana kipande cha benchi, urefu wa mkono.

Azimio lilikuwa limefika ofisini siku moja kabla ya ukuta kuanguka. Baada ya majuma matatu afisa alikuja, akaleta saruji na fundi mmoja. Wazazi walileta mawe, mchanga na maji. Mwisho wa muhula ukuta mpya ulisimama. Kamati sasa hukutana kila muhula. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akifika siku tatu kwa juma. Kamati ilimwita, ikamsikiliza, ikamtafutia chumba karibu na shule. Sasa hufika siku tano. Vitabu viko kabatini shuleni, na harufu ya mbata yaisha kidogo kidogo. Mwaka uliofuata, watoto wanne wa darasa la saba walipata nafasi ya sekondari. Mwaka uliotangulia alikuwa mmoja tu.

Wewe unayesoma hapa, shule ya mwanao ina wajumbe wangapi? Wataje kwa majina. Usipowajua, uliza. Huenda ukaambiwa ni wewe.

Chirau alijiunga na ngumbaru. Mkutano wa kwanza wa mwaka mpya aliandika jina lake mwenyewe katika kitabu, herufi sita, ulimi ukimtoka pembeni mwa mdomo. Kabla ya kila mkutano kufunguliwa, yeye huazima penseli ya Mwanamkuu. Hupita nayo kuta zote za shule, moja moja, wajumbe wakimfuata nyuma. Huitafutia penseli pa kuingia. Akimaliza, huirudisha kwa mwenyewe, na ndipo mwenyekiti huwaambia watu wakae.